Kona ya Mwalimu: Profesa Muyembe na herufi za virusi

Ndani ya minibasi ya kutoka Biwi nilisikia mama mmoja akisema Ebola na mpox ni magonjwa ya kutungwa, eti wazungu wanatafuta pesa. Kelele ilikuwa nyingi, sikumjibu. Namjibu hapa.

Mama, Ebola iligunduliwa na Mkongomani pia. Jean-Jacques Muyembe, mtoto wa wakulima, alizaliwa 1942 upande wa Bandundu. Alimaliza udaktari Kinshasa mwaka 1969, akaenda Leuven, Ubelgiji, kusomea virusi. Mwaka 1976 serikali ya Zaire ilimtuma Yambuku, ambako watu walikuwa wanakufa na homa isiyojulikana. Aliwatoa wagonjwa damu bila glavu! Alipochomoa sindano damu haikukatika, ikamtiririka mikononi. Alinawa kwa maji na sabuni, basi. Mtawa mmoja mgonjwa alikubali kufuatana naye hadi Kinshasa, na damu yake ikapelekwa Ubelgiji ndani ya chupa ya chai. Huko wakaona kirusi kipya. Sifa walipewa zaidi wale wa huko, na hiyo mimi bado inaniuma.

Mwaka 1995 Ebola ikaingia Kikwit. Muyembe na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliokwisha kupona, na 7 wakapona. Baadaye, kutoka damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, ikatengenezwa dawa ya Ebanga, iliyokubaliwa Marekani Desemba 2020.

Muyembe alishika uongozi wa maabara ya taifa, INRB, mwaka 1998. Pale wanasoma virusi kama barua. Barua hiyo ina herufi za aina nne tu, lakini ya Ebola ni ndefu, karibu herufi 19,000. Kirusi kinapozaliana kinajinakili, na saa zingine herufi moja inakosewa, kama wanafunzi wangu wanavyonakili ubaoni. Nikiona kosa lile lile kwenye madaftari mawili najua nani aliangalia kwa nani! Hata wao wanafuata makosa.

Ndivyo ilivyofanyika kwa mpox ya Kamituga, Kivu ya Kusini, iliyoanza 2023. Placide Mbala wa INRB na wenzake walisoma herufi, na makosa yakaonyesha ugonjwa ulikuwa unapita mtu hadi mtu, zaidi kwa kugusana miili, sio kwa nyama ya porini tu. Kwa hiyo mwenye vipele msimfiche ndani. Apelekwe kliniki, na shuka lake lisilaliwe na mwingine.

Mwezi ujao tutaongea juu ya kipindupindu.