Nani Kasema Masikio ya Gairo Mabovu?

Mhariri, naomba nafasi nipayuke kidogo. Nikinyamaza nitapasuka.

Ilikuwa Jumapili, hapa hapa Gairo, uani kwa fundi redio mmoja karibu na stendi. Wewe msomaji wa mjini unaijua Gairo kwa dirisha la basi: unatoka Morogoro unakwenda Dodoma, gari linasimama, unanunua hindi la kuchoma, safari inaendelea. Basi nyuma ya hindi lako kuna watu, na watu hao wana ugonjwa wa sauti. Wenye miziki ya kukodisha kwenye maharusi walileta spika zao za mbao. Mafundi walileta amplifaya walizozifufua kutoka kwa wafu. Sisi makapuku tulileta masikio. Nia ilikuwa kupimana: muziki wa nani unapiga, na wa nani unapiga kelele tu.

Katika kundi alikuwemo mshikaji mmoja kutoka Dar, ndugu wa mmoja wa wenye miziki. Huyu hakuja na spika. Alifungua begi akatoa hedifoni, akaishika kwa mikono miwili kama anayepokea kichanga. Ni Sennheiser HD 650, kwa pesa zetu inapita milioni moja. Alitueleza, na kwa hili namshukuru, kwamba ukinzani wake ni ohm 300, kwa hiyo ukiichomeka kwenye simu tu inalia kama mbu. Inataka amplifaya yake. Tena haikuzibwa kwa nyuma, jirani anasikia unachosikia. Si ya kuvalia kwenye daladala. Akasema huko Marekani, Uingereza na Singapore kuna mikutano iitwayo CanJam, watu wanalipa kiingilio ili wakajaribu hedifoni moja baada ya nyingine kutwa nzima. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kwani sisi pale uani tulikuwa tunafanya nini?

Zamu yangu ilipofika alinipigia Hukwe Zawose, ile albamu ya Chibite iliyotolewa na Real World ya Uingereza mwaka 1996. Jamani! Wagogo ni majirani zetu, zeze nimelisikia tangu sijaota meno ya ukubwani. Lakini kwenye mashine sikuwahi kulisikia likiwa zeze. Siku zote lilikuwa kitu kinachofanana na zeze. Siku hiyo nilimsikia mzee yule, aliyefariki 2003, kama amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele yangu. Nilisikia pumzi. Nikavua hedifoni nikatazama nyuma, wakanicheka tena.

Nikasema, sasa ngoja niwaonyeshe wa kwetu. Nikatoa simu yangu, nikamwekea Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz.

Ndipo balaa lilipoanza. Sauti ilitoka kama mtu anayeimba ndani ya pipa la uji. Besi imevimba, matarumbeta yamepata mafua, gitaa la pili halipo kabisa. Kwenye spika ya banda letu nilikuwa naupenda wimbo ule. Hedifoni ya milioni ikauvua nguo hadharani. Na yule mshikaji, bila hata kuona haya, akasema: "Kaka, huu usiupimie. Rekodi za kibongo za zamani ni takataka. Halafu nyie mmezoea besi tu, sauti hamuijui."

Wengine wakaitikia kwa kichwa. Watu wazima! Hapo ndipo damu iliponichemka.

Mimi nimeishia kidato cha nne, fizikia yangu ni ya kuunga, lakini fundi mwenyewe alinifafanulia baadaye huku akisafisha bomba la solda. Tepu kubwa ya studio ilikuwa inakimbia sentimita 19 au 38 kwa sekunde. Kaseti inakwenda sentimita 4.76. Sasa chukua wimbo uliorekodiwa kwenye tepu kubwa, mtu aunase kwenye kaseti kutoka redioni, mwingine anakili kaseti ile, wa tatu anakili nakala, na kila mkono unaongeza mvumo na kufuta sauti za juu. Halafu miaka mingi baadaye mwenye kibanda anaigeuza MP3 ndogo ili zitoshe nyimbo nyingi kwenye memori kadi, na MP3 nayo inatupa sehemu ya sauti kwa makusudi. Hiyo ndiyo niliyouziwa mimi. "Mwanangu," fundi akaniambia, "hukumsikia Mbaraka. Ulimsikia mjukuu wa kivuli chake."

Kwa hiyo nauliza: takataka ni nini hapo? Ni bendi iliyopelekwa Japani kwenye maonyesho ya Expo 70 pale Osaka? Au ni njia iliyopita mpaka kunifikia mimi, mtu wa mkoa ule ule wa Morogoro?

Tusidanganyane kwamba zamani mambo yalikuwa rahisi. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, watu wote wakipiga kwa mara moja. Santuri zilitengenezwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983. Mbaraka mwenyewe alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Miezi michache baadaye, Julai, Sony wakaanza kuuza Walkman kule kwao. Hakuwahi kumwona kijana akitembea barabarani na gitaa lake masikioni. Lakini tepu hazikufa naye. Tepu za RTD zilirithiwa na TBC. Na mwaka 2007 Buda Musique ya Ufaransa, katika mfululizo wao wa Zanzibara, ilitoa CD nzima ya muziki wa Tanzania wa miaka ya 60. Mfaransa akitaka anakaa Paris na kahawa yake anasikiliza safi. Mimi wa Gairo nasikiliza pipa la uji, halafu naambiwa masikio yangu ni mabovu.

Wapo watakaosema, dogo, una shida gani, hata maji na mbolea hujamaliza kulalamikia. Sawa. Ila mimi naandika riwaya, na shujaa wangu ni mpiga gitaa la pili katika bendi ya baa, Morogoro mjini. Sura ya nne nimeeleza jinsi gitaa lake linavyoingia chini ya la kwanza, watu wanavyoinuka vitini. Nilikuwa nimejisifu sana kwa ukurasa ule. Pale uani niligundua kwamba gitaa hilo nimelitunga kichwani. Sijawahi kulisikia! Nimeandika juu ya kitu ambacho kimefutwa kabla hakijafika kwangu, na msomaji mzee aliyecheza dansi enzi zile atanikamata mstari wa kwanza tu.

Wenzangu mnaoandika, jipimeni na nyinyi.

Sina ugomvi na hedifoni ya milioni. Ningekuwa na mapene ningenunua kesho. Ugomvi wangu ni na mtu anayebeba chombo kinachoweza kumsikiliza Mbaraka vizuri kuliko chombo chochote kilichowahi kufika Gairo, halafu anabeba nyimbo za kujaribia kutoka ng'ambo tu, na wa kwao anamwita takataka bila kutafuta hata santuri moja. Na nina ugomvi na wenye funguo za makabati. Tepu inaoza, haisubiri kikao. Wekeni nyimbo zile mahali mtu wa wilayani azinunue zikiwa nzima, familia za wanamuziki zilipwe, tutanunua. Kwenye vibanda vya memori kadi tunalipa kila siku, tena kwa ajili ya uji.

Mshikaji wa Dar kaahidi kurudi na begi lake. Nimemwambia safari hii tutapima wa kwetu kwanza. Fundi ana pleya ya santuri, motor inazunguka, sindano hana. Ukurasa wa 61 nimeufuta, uko mweupe. Mwenye sindano au santuri ya Morogoro Jazz isiyochubuka, mabasi yote ya Dodoma yanasimama hapa. Aulizie kwa fundi redio.