Upepo wa Highrise hauna wastani

Simama kwa balkoni ya juu Nyayo Highrise jioni, saa ile majiko ya makaa yanawashwa huko Soweto. Moshi hauendi mwendo mmoja. Unajikusanya juu ya mabati, unatulia, halafu ghafla upepo unaufagia wote. Sasa jaribu kumwambia msee wa hapo chini ati hewa ya leo "kwa wastani" ilikuwa sawa.

Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linataka chembe laini za moshi zisizidi maikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo, wastani wa saa 24. Poa. Lakini mapafu ya mama anayepika hayangoji saa 24.

Upepo wa Nairobi mara nyingi hutoka mashariki, kwa hivyo moshi wetu huvuka Kibera kuelekea Msitu wa Ngong Road, uliohifadhiwa kisheria tangu 1932 na ambao sasa Southern Bypass imeupasua. Je, miti hiyo inakamata kiasi gani? Wastani hautakujibu, kwa sababu juu ya msitu hewa hubadilishana kwa mapigo. Mchana, joto kati ya matawi hupanda polepole kwa sekunde kadhaa, kisha hewa baridi ya juu inashuka kwa kishindo na joto linaanguka mara moja. Sehemu kubwa ya kazi inafanyika kwa hayo mapigo mafupi.

Kuyanasa, watafiti hutumia hesabu ya viwimbi. Mfaransa Jean Morlet aliianzisha mapema miaka ya 1980 akitafuta mafuta ardhini. Hesabu ya zamani, ile ya Fourier, inakuambia ngoma ina besi kiasi gani, lakini si sekunde gani besi iligonga. Kiwimbi ni kifupi: unakivuta au kukibana, unakitembeza juu ya rekodi, na kila kinapofanana na pigo, namba inaruka. Mwaka 1993 Collineau na Brunet waliitumia kwa msitu wa misonobari wa Landes, Ufaransa. Halafu kuna wale wanaoniambia hesabu ni za watu wa kolej! Mimi sikumaliza, na PyWavelets, programu ya kuichambua, ni ya bure.

Kwa hivyo kaunti na wasimamizi wa msitu, wekeni mlingoti mrefu kupita miti ya Ngong Road, na kifaa cha kupima upepo kwa sauti, kinachosoma mara 10 au 20 kwa sekunde. Kingine cha kupima moshi kikae kando yake. Data ghafi iachiliwe kwa kila kijana mwenye laptopu, si wastani wa siku pekee. Na wewe unayesoma hii, muulize MCA wako swali hilo akija kuomba kura. Mlingoti ukiwekwa baada ya kipande kingine cha msitu kukatwa, hatutakuwa na cha kulinganisha.