Si kila karatasi ni tandiko la nyungunyungu

Mkulima wa kabichi, karoti au viazi wa Kifungilo, wilayani Lushoto, hununua mbolea ambayo bei yake hupangwa mbali na milima ya Usambara. Mwaka 2021 na 2022 bei hiyo ilipanda duniani kote, hadi Serikali ikalazimika kutoa ruzuku. Kwa hiyo mboji ya nyungunyungu, inayotengenezwa nyumbani kwa mabaki ya jikoni, si jambo la mzaha.

Vifaa vyake ni vya kawaida: sanduku la mbao au ndoo iliyotobolewa, nyungunyungu wekundu wanaopatikana kwenye malundo ya samadi, na tandiko la kuwapa unyevu, hewa na mahali pa kujificha. Wengi hutumia karatasi kwa tandiko hilo, kwa kuwa ni rahisi kupatikana na hunyonya maji vizuri.

Hata hivyo, hapo ndipo makosa huanzia. Nyungunyungu hupumua kwa ngozi yake, ngozi laini ambayo lazima iwe na unyevu wakati wote. Kilichomo kwenye karatasi humgusa mwili mzima, na kisichooza hubaki kwenye mboji hadi shambani.

Karatasi zinazofaa zipo nyingi. Gazeti la kawaida linafaa, kwa kuwa wino wake mweusi hutokana na masizi na mafuta. Kurasa za madaftari yaliyojaa zinafaa pia, mradi pini zitolewe na jalada linalong'aa liwekwe kando. Maboksi ya kahawia yenye mikunjo ndani ni bora zaidi, kwa sababu mikunjo hiyo hushika hewa na gundi yake kwa kawaida ni ya wanga. Gundi ya utepe wa nailoni iondolewe kwanza.

Zisizofaa ndizo zinazohitaji macho. Ya kwanza kabisa ni pakiti au boksi lililobeba viuatilifu. Katika wilaya inayolima nyanya na viazi, dawa za ukungu zipo karibu kila nyumba, na zile zenye madini ya shaba huwadhuru nyungunyungu. Boksi la dawa halisafishiki kwa kung'utwa.

Mfuko wa saruji nao usiingie sandukuni. Vumbi la saruji likilowa huunguza ngozi, na baadhi ya mifuko hiyo ina tabaka la plastiki katikati. Maboksi ya maziwa na juisi pia yamebandikwa plastiki ndani.

Aidha, risiti za mashine za EFD, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, huchapwa kwa joto bila wino, na karatasi za aina hiyo nyingi zina kemikali jamii ya bisfenoli. Mahali pa risiti ni kwenye faili la hesabu za duka. Vivyo hivyo, mifuko mbadala iliyoenea baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019 huonekana kama kitambaa, lakini mingi ni plastiki iliyobanwa. Haiozi.

Kupima si kazi ngumu. Karatasi ikikwaruzwa kwa ukucha ikaacha alama nyeusi, ni ya risiti. Ikidondoshewa maji yakateleza bila kunyonywa, ina nta au plastiki. Ikichanwa na utando mwembamba ukavutika, haifai.

Karatasi iliyochaguliwa ichanwe vipande vyembamba, ilowekwe, kisha ikamuliwe hadi iwe na unyevu wa nguo iliyokamuliwa kwa mkono. Iongezwe udongo kidogo wa shambani, kwa kuwa nyungunyungu husaga chakula kwa chembe za mchanga. Katika miezi ya baridi ya Juni na Julai, tandiko liwe nene na sanduku likae mahali pasipopigwa na upepo, la sivyo kazi itapungua kasi.

Lakini wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Karatasi ina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo mno. Peke yake haiwezi kurutubisha tuta la kabichi. Maganda ya viazi, majani ya mboga na samadi iliyopoa ndiyo chakula. Wala mboji hiyo haiondoi haja ya makinga maji na majani ya Guatemala yaliyohimizwa na mradi wa SECAP ulioanza Lushoto mwaka 1981, kwani mboji nzuri kwenye mteremko mtupu husombwa na mvua ya kwanza.

Ni wajibu wa maofisa ugani kuingiza somo hili katika mafunzo yao ya mboji. Wenye maduka ya pembejeo nao wasiuze wala kugawa maboksi yaliyobeba dawa, hata kama mnunuzi anayataka kwa kufungia mandazi. Muuza duka wa kawaida anaweza kutenga maboksi safi na kumuuzia mkulima kwa bei ndogo badala ya kuyachoma nyuma ya duka.

Mboga za Lushoto huliwa hadi Dar es Salaam. Usafi wake huanzia kwenye udongo, na kwa anayefuga nyungunyungu, huanzia kwenye karatasi anayoichagua.