SHEHA WA MTAA AU SHEHA WA MKUU WA MKOA?

Twaambiwa, na kuambiwa tena, kwamba usalama wa mitaa ni jukumu la kila mwananchi, na kwamba mwenye lalamiko aende kwa sheha wake. Neno hili ni zuri kulisikiliza. Lakini sisi tuna suala moja dogo ambalo kwa miaka mingi halijapata jawabu, nalo ni hili: sheha huyo ni wa nani?

Sheria ya Tawala za Mikoa Nambari 8 ya 2014 imejibu bila ya kuona haya. Sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa baada ya kushauriana na Mkuu wa Wilaya. Mkuu wa Mkoa naye huteuliwa na Rais. Sheria iliyotangulia, ile ya 1998, haikuwa na khabari nyengine. Basi itazameni ngazi hii, ndugu zetu, ishukayo kutoka Ikulu mpaka kwenye baraza ya nyumba zenu: hapana hata kipago kimoja ambapo mkaazi wa Kwamtipura au wa Jang'ombe huulizwa amtaka nani. Ndugu zetu wa Bara huwachagua wenyeviti wao wa mitaa na vijiji kila baada ya miaka mitano. Hatusemi kwamba chaguzi zile ni safi. Ule wa 2019 vyama vikubwa vya upinzani viliususia, na ule wa 2024 ulijaa malalamiko ya wagombea kuenguliwa. Lakini hata mwenye kuichezea kura amekiri, kwa kule kuichezea kwake, kwamba kura inahitajika. Hapa kwetu hata hilo halijakiriwa.

Wapo watakaotujibu kuwa usheha ni jambo la kale, na kwamba tangu zamani sheha alikuwa mtu wa mtawala. Ni kweli. Katika enzi za Mwinyi Mkuu wa Dunga, sheha alikuwa mtu wa Mwinyi Mkuu. Lakini wenye kutukumbusha nusu ya historia wasitufiche nusu ya pili. Katika miji ya Wahadimu, pembeni mwa sheha walikuwapo Watu Wanne, wazee waliotokana na koo za mji wenyewe, na mambo ya ardhi, ya mizimu na ya ugomvi wa majirani hayakwenda bila ya wao. Mtawala alikuwa na mtu wake, na mji ulikuwa na watu wake. Jee, jamhuri iliyozaliwa kwa jina la wanyonge itakuwa na haya kuwapa wanyonge hao kile ambacho mji wa shamba ulikuwa nacho chini ya mfalme?

Hatuwatukani masheha. Katika shehia 388 za Unguja na Pemba wamo watu wema wasio idadi, wanaogongewa mlango usiku wa manane kwa mgonjwa, kwa mume na mke waliogombana, kwa mtoto aliyepotea. Wengi wao ni jamaa zetu. Lakini mwamba ngozi huvutia kwake, na sheha aliyewekwa na mkubwa atavuta kwa mkubwa, hata akiwa na moyo wa dhahabu. Siku Mkuu wa Wilaya atakapotaka jambo moja na mtaa ukataka jengine, tusimuonee mtu huyo kwa kumtaraji asimame upande ambao haukumweka.

Na hapa ndipo penye uzito wa mambo. Mkono huu unaopokea lalamiko lako la mtaro ndio mkono unaokuandikia barua ya ukaazi. Ndio unaohitajika ukitafuta kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na sheha ndiye anayekaa kituoni wakati wa kuandikisha wapiga kura, akisema huyu namjua na huyu simjui. Hatuna haja ya kuwakumbusha watu wa Pemba mwaka 2009, pale uandikishaji ulipokwama kwa ajili ya vitambulisho hivyo. Sasa mchukulieni mtu ambaye mwanawe ametimiza miaka kumi na minane na hajapata barua. Taa ya njia yake imezimika. Mtaro mbele ya nyumba yake hauna mfuniko. Ataanza na lipi? Atanyamaza juu ya taa ili asiharibu barua. Na jirani yake, ambaye keshanyimwa barua, hana tena sababu ya kupita mlango ule. Hivyo mtaa mzima hukaa kimya, wa kwanza kwa khofu na wa pili kwa hasira, kisha mabwana wakubwa huandika katika ripoti zao kwamba mtaa hauna malalamiko.

Tuitazame hiyo taa, maana ni kitu kidogo na chafahamika na kila mtu. Imezimika katika kichochoro. Wanawake wanaorudi kazini baada ya isha wanazunguka njia ya mbali. Lalamiko likenda kwa sheha, yeye hana fungu la kununua hata balbu, atalipeleka juu. Likenda kwa diwani, huyu tumemchagua sisi, tushukuru. Lakini katika Baraza la Manispaa anakaa pamoja na madiwani wengine ambao hawakupigiwa kura na mtu, mbele ya Mkurugenzi ambaye naye huteuliwa. Nguzo ataambiwa ni ya wenye umeme, njia ni ya wenye barabara. Na akisema basi tuleteeni askari apite usiku, atakumbushwa kuwa Polisi ni jambo la Muungano, limo katika orodha iliyomo mwishoni mwa Katiba ya 1977, na Baraza la mji wetu haliwezi kumuamrisha askari hata kuongoza magari mbele ya skuli. Askari wa shehia tumeletewa, na wapo walio wazuri. Lakini askari huyo hutoa hisabu kwa mkubwa wake, na mkubwa wake hutoa hisabu kwa wakubwa wengine ng'ambo ya bahari. Mtaa haumo katika hisabu hiyo.

Kwa hivyo wakuu wa kuendewa ni wengi kupita kiasi, na wa kuulizwa hayupo hata mmoja.

Tusije tukaambiwa kwamba twaona giza tu wala hatuoni kilichojengwa. Tunakiona. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mradi wa huduma za mijini ulioanza 2011 ulichimba mitaro mikubwa Ng'ambo na ukasimamisha taa katika barabara kuu, na mtu aliyeishi katika maji ya Mwanakwerekwe hawezi kuukanya wema huo. Barabara za mjini zimepanuliwa na zinaendelea kupanuliwa. Lakini barabara pana ni barabara ya mbio. Mahali ambapo zamani gari ilikuwa ikijikokota kwa mashimo, leo inapita kama mshale, na mtoto wa chuo mwenye juzuu mkononi amesimama ukingoni hajui avuke saa ngapi. Nani aliulizwa kivuko kiwekwe wapi? Mhandisi anazo ramani, lakini ramani haimuonyeshi kwamba saa saba mchana watoto wa skuli mbili hukutana pahala pamoja, wala kwamba bodaboda hukata njia ubavuni mwa mskiti ili kukwepa foleni. Hayo anayajua mama muuza maandazi anayekaa pale kila siku. Huyu hakuitwa kikaoni, na aliyeitwa kwa niaba yake hakutumwa naye.

Matokeo yake tunayaona sote. Tuta hujengwa baada ya maiti. Wananchi hufunga njia kwa mawe na matairi siku ya msiba, wakubwa huja, huahidi, na katika wiki chache tuta huwapo. Jee, hii ndiyo njia ya kuendesha mji, kwamba ombi la raia halina nguvu mpaka liandikwe kwa damu? Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya 2012. Katika sensa ya 2022 walikuwa 893,169. Karibu watu laki tatu wameongezeka kwa miaka kumi, na kila mmoja wao ana miguu ya kuvukia barabara. Mji uliokua namna hii hauwezi kuangaliwa kwa macho ya wateule peke yao, wala kwa kamera zilizotundikwa juu ya milingoti. Kamera inamuona mwizi anayekimbia. Shimo la mtaro analotumbukia kizee kwa giza hailioni, na ikiliona haina wa kumwambia.

Watasema: sheha akichaguliwa, siasa itaingia mitaani. Hebu tucheke kidogo. Kwani hivi sasa mitaani kumeingia nini? Bendera zinapepea katika kila maskani, na kila mtu anajua sheha wake yu upande gani kabla ya kumjua jina. Siasa imo siku nyingi. Kilichokosekana ni hisabu. Sheha wa kuchaguliwa, akiiacha njia gizani miaka mitano, atakuwa na la kujibu siku ya kura, awe wa chama chetu au wa chama chao. Na tunasema haya hali tukijua kwamba katika shehia nyingi tutashindwa. Bora sheha wa chama chao aliyechaguliwa na majirani zake, kuliko sheha mwenye kutupenda aliyetumwa na Mkuu wa Mkoa.

Tunachokitaka hakihitaji mkopo. Sheria ya 2014 irekebishwe, sheha apigiwe kura na wakaazi wa shehia yake. Kazi ya kumtambua mpiga kura iondolewe mikononi mwake moja kwa moja, ili mtu aweze kumwendea kwa khabari ya mtaro bila ya moyo kumdunda. Baraza la ushauri la shehia, ambalo leo si baraza la kura, liwe na watu wa kutoka mitaa yenyewe, na mkutano wake uwe wazi. Na kabla ya barabara yoyote kupanuliwa, ramani ibandikwe mtaani siku za kutosha, kwa Kiswahili, mahali ambapo yule muuza maandazi ataiona.

Hayo ni ya Serikali. Sasa yale yanayotupasa wenyewe. Wapo wanachama wenzetu wanaojisifu kuwa hawajakanyaga kwa sheha tangu uchaguzi. Ujasiri huu haumulikii mtu njia. Asiyekuwepo na lake halipo, na kila mkutano wa shehia tunaoususia wanabaki waliozoea kupiga makofi, kisha muhtasari husema wakaazi wote wameridhika. Tunawataka wanachama wa kila tawi la mjini wateue watu wawili, mmoja mwanamke, waipite mitaa yao usiku na waandike: taa gani imezimika, mtaro gani hauna mfuniko, watoto wanavuka wapi. Wayaandike kwa jina la mtaa na si kwa jina la Chama, watie saini majirani wa vyama vyote wenye kukubali, na barua wampe sheha mkononi, nyengine diwani, nyengine kituo cha polisi. Kila anayepokea agonge muhuri au atie saini na tarehe katika nakala. Akikataa, iandikwe kuwa amekataa, na shahidi awe mtu ambaye si mwenzetu.

Nakala hizo ziletwe kwa makatibu wa matawi kabla ya mvua za masika. Tutachapisha humu, mtaa kwa mtaa, siku barua ilipopokewa na siku jawabu lilipokuja.