Mpimeni Macho Kabla ya Kumwita Mzembe

Nina ugomvi na neno "mzembe". Kila muhula linaandikwa kwenye ripoti za watoto wa miaka sita na saba, na watu ambao hawajawahi kujiuliza kama mtoto anauona ubao.

Mpwa wangu aliandikiwa hivyo akiwa darasa la kwanza, hapa Dar es Salaam. Makosa yake: hamalizi kunakili, anachungulia daftari la jirani, anainuka bila ruhusa kusogelea ubao. Isome tena orodha hiyo. Ni ya mtoto anayefanya kila awezalo ili aone. Kwa juhudi hizo alichapwa, kisha mama yake akashauriwa amtafutie twisheni. Yaani alipe fedha ili mtoto aandikiwe ubao mwingine asiouona.

Mimi nilimpeleka kwa daktari wa macho. Hapakuwa na maajabu: chati ya herufi E zilizogeuzwa huku na huku, ambayo haimtaki mtoto ajue kusoma, anaonyesha tu kwa vidole miguu ya herufi inaelekea wapi, matone ya kutanua mboni, lenzi moja baada ya nyingine. Macho yote mawili hayakuwa yakiona mbali, moja likiwa hafifu zaidi. Alipowekewa lenzi zilizomfaa alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, kumbe pale ukutani kuna saa!"

Hakuwahi kulalamika kwa sababu hakujua kwamba wenzake wanaona zaidi yake. Mtoto hawezi kudai kitu asichojua kama kipo. Kudai ni kazi yetu watu wazima, na hatuifanyi.

Herman Snellen alitoa chati yake ya kupimia macho kule Uholanzi mwaka 1862. Upimaji wa awali unahitaji chati, mita sita za nafasi, kiganja cha kuziba jicho moja na mwalimu aliyeelekezwa namna ya kuitumia. Lakini ukimwandikisha mtoto shule utadaiwa sare, ufagio na rimu ya karatasi. Macho hakuna anayeyauliza.

Najua jibu la wazee: "Mtoto mdogo miwani ya nini? Itamlegeza macho." Si kweli. Miwani iliyopimwa vizuri haidhoofishi macho. Inaipeleka tu picha mahali pake. Kinachodhuru ni kusubiri. Jicho likiendelea kuuletea ubongo picha yenye ukungu, ubongo huanza kulipuuza, na matibabu hufaulu zaidi yakianza mapema, hasa kabla ya miaka saba. "Atakua nayo" ni kauli inayoweza kumgharimu mtoto jicho.

Wengine wanasema watoto watamcheka. Watamcheka, kisha watazoea. Jina la "mzembe" halizoeleki. Mtoto hulibeba mpaka akaliamini.

Julai 2021 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kutaka huduma za macho ziwafikie wote ifikapo 2030. Sihitaji kusubiri mwaka huo. Nataka kila Januari, kabla somo la kwanza halijaanza, kila mtoto wa darasa la kwanza asimamishwe mbele ya chati. Shule isiyofanya hivyo haina haki ya kumshikia mtoto fimbo, wala kuandika neno moja kuhusu bidii yake.