Kuku, au Viazi?

Safu: NYANDA ZA JUU
Na Atupele Mwambeta

Ingia steshenari iliyo jirani na ofisi za Serikali, iwe Mwanjelwa au Kihesa, useme kikundi chenu kinaomba mkopo wa halmashauri. Kijana wa kompyuta hatakuuliza mmejipangaje. Atauliza: "Kuku, au viazi?" Andiko la kuku analo, la viazi analo. Atabadili jina la kikundi, atapachika majina ya wanachama, atachapa, atatoboa matundu ya faili, na utalipa.

Simlaumu. Anauza kinachonunuliwa, na kinachonunuliwa ni karatasi ya kumridhisha afisa maendeleo ya jamii. Vyote vimo ndani: uwezo na udhaifu, fursa na vikwazo, bango kitita lenye malengo na viashiria, mchanganuo wa mapato na matumizi ambao haujawahi kuishia kwenye hasara. Ila ukimuuliza mwanachama Jumatatu ijayo nani anafanya nini, anamtazama katibu. Katibu naye anafungua faili.

Fedha zenyewe ni za umma. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, tangu irekebishwe mwaka 2018, inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hiyo baada ya kelele za marejesho yasiyorudi na vikundi hewa, ikairejesha mwaka 2024. Tulijadili sana uhakiki: je, kikundi kipo? Wanachama ni wa kweli? Maswali ya haki kabisa. Lakini kikundi cha kweli, chenye watu waaminifu wanaosali kanisa moja, kinaweza kushindwa kulipa kwa sababu ya kalenda tu.

Chukua kuku wa mayai 500. Kuku huyo huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na kufikia hapo kila mmoja ameshakula kama kilo 7 au 8 za chakula. Hiyo ni mifuko takriban 75 ya kilo 50 kabla ya yai la kwanza. Sasa marejesho yakianza mwezi wa nne tangu vifaranga waingie bandani, yanaanza kuku wakiwa na wiki 14 hadi 17, wanakula tu. Kikundi kitalipa kwa nini? Kitapunguza chakula, kuku watachelewa kutaga, deni litakua. Au kitauza kuku wenyewe. Wala hapo hapajatokea wizi wala kideri. Ni hesabu ya majuma ambayo hakuna aliyeifanya, kwa kuwa andiko lilionyesha faida ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Kisha kuna baridi. Kifaranga wa siku moja anataka joto la nyuzi 32 hadi 35. Usiku wa Juni na Julai jijini Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na Mafinga si nafuu. Andiko lililotungwa kwa mtu wa Dar es Salaam halina habari ya magunia ya mkaa. Fedha ikiombwa Januari ikaingia Mei, vifaranga wanaagizwa mwanzo wa Juni kwa sababu ndivyo "mpango" unavyofuata: fedha, banda, vifaranga.

Ndiyo maana naona mradi wa huku kwetu una saa mbili. Moja huanza kuhesabu siku fedha inapoingia. Nyingine ni ya mvua na baridi, na hiyo haisubiri kikao cha halmashauri. Mkulima wa viazi anaijua. Mbegu iliyovunwa karibuni imelala, inahitaji miezi miwili au zaidi mpaka ichipue, kutegemea aina. Anayetaka kupanda mvua za Novemba zikianza lazima awe na mbegu ghalani mapema. Kikundi kingeweka siku ya mwisho: fedha isipofika hadi tarehe fulani, hatupandi msimu huu, tunafanya kitu kingine. Sijaona sehemu ya kuandika sentensi hiyo kwenye fomu.

Njia ya kupanga hivyo ipo: mwishoni mwa miaka ya 1950, wahandisi wa kampuni ya DuPont ya Marekani walihusika kubuni hesabu ya kutafuta mlolongo wa kazi ambao ukichelewa siku moja, mradi mzima unachelewa siku moja. Leo ziko programu za kompyuta za kuifanya. Kikundi cha watu kumi kinahitaji bango la karatasi na kalamu ya wino mzito: anzeni na siku ya marejesho ya kwanza, rudini nyuma wiki kwa wiki, kila kazi iwe na jina la mtu mmoja, na iandikwe inasubiri kazi gani. "Kamati" si jina la mtu.

Wala si jambo geni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijiji vyetu vimepanga maendeleo kwa utaratibu wa fursa na vikwazo, na mojawapo ya zana zake ni kalenda ya msimu, inayochorwa na wanakijiji wenyewe: miezi ya mvua, ya njaa, ya fedha, ya kazi nyingi. Kalenda hizo zilikwenda wilayani ndani ya mafaili. Zingebaki ukutani kijijini, kikundi cha kuku kingezikuta hapo.

Kwa hiyo nina ombi kwa kamati za mikopo. Andiko lichapwe popote, hata steshenari. Siku ya usaili, viongozi wa kikundi wakae nje kidogo, aingie mwanachama wa kawaida, aulizwe swali moja: wiki ya 16, fedha ya chakula cha kuku inatoka wapi?