Betri ya Zahanati ni Kifaa cha Tiba

Umeme wa gridi unaendelea kusambaa vijijini, lakini katika Kanda ya Kati zimo zahanati zilizo mbali na nguzo, ambako mama anayejifungua usiku huhudumiwa kwa mwanga wa betri ya sola. Ajabu ni kwamba dawa ya kuzuia damu hununuliwa kwa kufuata mwongozo, ilhali betri hununuliwa kwa kufuata bei. Matokeo yake, mara nyingi huwa ni betri ya gari.

Betri ya gari imeundwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ikitumiwa usiku kucha hadi ikaribie kuisha, sahani zake za risasi huharibika upesi. Hata ile iliyotengenezwa kwa ajili ya sola, ikiwa ni ya risasi na asidi, haifai kushuka chini ya nusu ya ujazo wake.

Tupige hesabu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Nusu yake ni 600. Taa nne za wati 10 zikiwaka kwa saa 12 hutumia 480. Ikiongezwa televisheni ya wati 60 kwa saa nne, mpaka umevukwa kabla ya alfajiri. Mashine ya oksijeni ya wati 350 ingeimaliza nusu hiyo kwa muda usiofika saa mbili. Anayetaka mashine hiyo ajenge mfumo mwingine. Jokofu la chanjo nalo lisiunganishwe hapo, kwa kuwa yapo majokofu yanayoendeshwa na paneli moja kwa moja, bila betri.

Betri ya lithiamu huruhusu kutumia takriban asilimia 80 ya ujazo na hudumu zaidi. Bei yake ni kubwa, nami bado naiona nafuu, mradi kidhibiti chaji kiwe kinachoendana nayo.

Jua la Dodoma halina uchoyo. Mwizi ni vumbi la kiangazi juu ya paneli, na joto la chumba kilichofungwa chini ya bati, ambalo hufupisha maisha ya betri. Paneli zifutwe, chumba kipitishe hewa.

Muuguzi anayekabidhi zamu asubuhi, taa zikiwa zimezimwa na jua halijapanda, aandike volti za betri katika daftari lilelile la wagonjwa. Betri ya risasi ikisoma chini ya 12.2, televisheni isiwashwe usiku unaofuata, na simu za kijiji zikachajiwe kwingine.